Kompyuta Haitoi Sauti: Tafuta Inapokatikia Kabla Hujafomati

Swali hili halikauki: "Jana ilikuwa inaimba vizuri, leo kimya. Nifanyeje?" Na kabla mwulizaji hajapata jibu la maana, mtu wa pembeni ameshamwambia apige chini Windows, aweke mpya, yaani afomati. Nakuomba usifanye hivyo. Utapoteza mafaili, utapoteza siku nzima, na mara nyingi ukimaliza utakuta kimya kilekile, kwa sababu Windows mpya nayo itaipeleka sauti kulekule ilikokuwa inapotelea.

Kwa niliyoyaona, kompyuta nyingi zinazodaiwa kuwa bubu si bubu. Sauti inatoka, ila imepelekwa mahali ambapo hakuna spika. Ndiyo maana mwongozo huu haukuanzishi kwenye draiva, ile programu ndogo inayoiwezesha Windows kukitumia kifaa. Sauti ina safari: inatoka kwenye programu, inapokelewa na Windows, inakabidhiwa kwa kifaa kimoja, kifaa kinaitoa kwenye tundu au waya, na mwisho inafika kwenye spika. Kazi yako ni kujua inakatikia wapi. Ukishajua, tiba huwa ni ya dakika mbili.

Hatua nimeziandika kwa ajili ya Windows 10 na Windows 11. Wenye Linux na Mac wana sehemu yao huko mbele. Maneno ya kwenye skrini nayaacha kwa Kiingereza, maana ndivyo yatakavyoonekana mbele yako.

Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

- Hedifoni za waya ambazo umezijaribu sasa hivi kwenye kifaa kingine zikatoa sauti pande zote mbili. Usitegemee kwamba "zilikuwa nzima mwezi uliopita".
- Faili moja la muziki lililohifadhiwa ndani ya kompyuta yenyewe. Usijaribu kwa video ya mtandaoni, kwa sababu hapo unaongeza kivinjari, intaneti na tovuti kwenye orodha ya washukiwa.
- Tochi.
- Karatasi na kalamu. Kila utakachobadilisha, kiandike.
- Nywila ya akaunti yenye mamlaka ya msimamizi.
- Flashi ya GB 8 au zaidi isiyo na kitu cha thamani ndani. Hii ni ya hatua ya mwisho tu, na huenda usiifikie.

Kabla ya kugusa chochote, jibu maswali matatu kwenye ile karatasi. Nini kilibadilika kabla ya kimya kuanza: sasisho la Windows, monita mpya, programu mpya, meza kuhamishwa? Je, kimya ni kwa kila kitu au kwa programu moja tu? Na je, ukichomeka hedifoni unasikia? Jibu la swali la kwanza pekee mara nyingi linatosha kukupeleka moja kwa moja kwenye hatua yako.

Hatua

1. Hakikisha kimya si cha programu moja. Cheza lile faili la muziki. Likisikika wakati video ya kwenye kivinjari haisikiki, kompyuta yako haina tatizo. Angalia kichupo cha kivinjari: kikiwa na alama ya spika iliyokatwa, bofya kichupo hicho kwa kitufe cha kulia cha kipanya uchague "Unmute site". Angalia pia kitelezi cha sauti ndani ya video yenyewe. Kwa programu za mikutano, fungua mipangilio yake ya sauti, kwa maana nyingi huchagua spika zake zenyewe bila kufuata chaguo la Windows.

2. Kagua spika, nyaya na matundu kwa macho na vidole. Spika za mezani zina umeme? Taa yake inawaka? Kitufe chake cha sauti kimezungushwa hadi sifuri? Kwenye laptopu, tafuta kitufe chenye picha ya spika iliyokatwa, kwa kawaida kiko kwenye safu ya F, na baadhi huwa na taa ndogo inayowaka sauti ikiwa imezimwa. Kibonyeze mara moja, ukishindwa kibonyeze pamoja na Fn.

Kwenye kompyuta ya mezani, zunguka nyuma na tochi. Matundu ya sauti yana rangi zilizopangwa katika mwongozo wa PC 99 wa Microsoft na Intel, na watengenezaji wengi bado wanazifuata: kijani ni la spika na hedifoni, pinki ni la maikrofoni, buluu isiyokolea ni la kuingizia sauti kutoka kifaa kingine. Ukichomeka spika kwenye pinki hutasikia kitu, hata ungefanya nini kwenye Windows. Gizani nyuma ya meza pinki na kijani hufanana mno. Kama matundu yako hayana rangi, tafuta michoro midogo iliyochongwa kando yake.

Sukuma plagi hadi usikie au uhisi imekaa. Kuna dalili moja ninayotaka uikariri: ukisikia ala za muziki lakini sauti ya mwimbaji imetoweka au iko mbali kama inatoka chumba cha pili, plagi haijaingia vizuri au waya wake mmoja umekatika. Mwimbaji hurekodiwa sawasawa kulia na kushoto, na waya wa pamoja unapokosa kugusa, kinachobaki masikioni ni tofauti ya pande hizo mbili tu. Hapo usipoteze muda kwenye mipangilio. Badilisha waya.

*Kosa la kawaida:* kuchomeka spika kubwa za redio zisizo na amplifaya moja kwa moja kwenye tundu la kijani. Tundu hilo halina nguvu ya kuzisukuma. Zinahitaji amplifaya katikati.

3. Washa upya kwa "Restart", usitumie "Shut down". Watu wengi huniambia wameshazima na kuwasha mara tano. Kwenye Windows 10 na 11 kuna kitu kinaitwa Fast Startup, na kikiwa kimewashwa, "Shut down" haizimi kila kitu: sehemu ya ndani kabisa ya Windows huhifadhiwa kwenye diski na kurudishwa kama ilivyokuwa, pamoja na draiva iliyokwama. "Restart" ndiyo inayoanza upya kweli. Ifanye mara moja, jaribu muziki, endelea.

4. Angalia sauti inapelekwa wapi. Hapa tutakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo wengi wanapopona.

Nikupe mfano. Mdogo wangu aliunganisha monita mpya kwa HDMI. Jioni akanipigia: "Kaka, spika zimekufa." Alikuwa ameshazichomoa, akazipeleka kwenye redio, zikaimba, akazirudisha, kimya. Alikuwa amefuta draiva mara mbili. Nilipomwambia afungue orodha ya vifaa vya sauti anisomee, jina la kwanza, lenye alama ya kuchaguliwa, lilikuwa la monita. Monita yenyewe haina spika hata moja, nyuma yake kuna tundu dogo la hedifoni basi. Lakini HDMI hubeba picha na sauti kwa pamoja, na Windows haiwezi kujua kama upande wa pili kuna spika za kweli. Iliona njia mpya ya sauti, ikaichukua. DisplayPort hufanya vivyo hivyo. VGA haibebi sauti kabisa, kwa hiyo anayehama kutoka VGA kwenda HDMI hukutana na jambo hili kwa mara ya kwanza na kudhani ameharibu kitu.

Fanya hivi. Fungua "Settings", ingia "System", kisha "Sound". Kwenye Windows 11 utaona "Choose where to play sound", kwenye Windows 10 ni "Choose your output device". Soma majina yote taratibu:

- "Speakers" au jina lenye Realtek: hizi kwa kawaida ndizo spika za laptopu au tundu la kijani.
- Jina la monita au televisheni, au jina lenye NVIDIA, AMD au "Intel Display Audio": sauti inakwenda kwenye skrini.
- "Digital Output" au "S/PDIF": sauti inakwenda kwenye tundu la kidijitali, ambalo spika za kawaida hazilitumii.
- Jina la hedifoni za Bluetooth: huenda ziko kwenye mkoba chumba kingine na bado zimeunganishwa.

Chagua kile chenye spika zako. Cheza muziki. Ukisikia, umemaliza, ila jua kwamba sasisho la draiva ya kadi ya picha linaweza kukirudisha kule kule. Ikitokea tena, rudi hatua hii kabla ya nyingine zote.

5. Soma mita ya kijani. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika mmsys.cpl, bonyeza Enter. Dirisha la zamani la sauti litafunguka kwenye kichupo cha "Playback". Wacha muziki ukiwa unacheza na utazame upande wa kulia wa kila kifaa. Kuna vipande vidogo vilivyopangwa kwenda juu, vya kijivu. Sauti inapopita, hugeuka kijani na kupanda na kushuka kufuata muziki.

Mita hii nadhani ndiyo chombo bora kuliko vyote kwenye kazi hii, na wengi hawaijui:

- Kijani kinarukaruka kwenye spika zako lakini husikii kitu: kwa kawaida Windows imemaliza kazi yake. Tatizo liko mbele, kwenye tundu, waya, spika au amplifaya. Rudi hatua ya 2. Usiguse huduma za Windows wala usiweke Windows upya.
- Kijani kinarukaruka kwenye kifaa kingine: rudi hatua ya 4.
- Hakuna kinachoruka popote: sauti haijafika kwenye kifaa. Nenda hatua ya 6, kisha ya 7.
- Spika hazimo kabisa kwenye orodha: nenda hatua inayofuata, na zisipojitokeza humo, ruka hadi ya 8.

6. Zifichue zilizofichwa na fungua zilizofungwa. Bado uko kwenye dirisha la "Playback". Bofya kitufe cha kulia cha kipanya mahali penye uwazi, uweke tiki kwenye "Show Disabled Devices" na "Show Disconnected Devices". Spika zikijitokeza zimefifia, zibofye kwa kitufe cha kulia, "Enable", kisha "Set as Default Device". Zifungue kwa kubofya mara mbili, nenda kichupo cha "Levels", uone kama kuna alama nyekundu kwenye spika au kitelezi kiko sifuri. Kitufe cha "Balance" hapo hapo kinaonyesha kama upande mmoja umeshushwa.

Ondoka humo, fungua "Volume mixer" ndani ya mipangilio ya sauti (kwenye Windows 10 ni "App volume and device preferences"). Kila programu ina kitelezi chake, na inaweza kuwa imeelekezwa kwenye kifaa chake. Programu iliyoelekezwa kwenye hedifoni ulizozichomoa itabaki kimya wakati nyingine zote zinaimba. Kama umechezea sana hapa mpaka hujui ulianzia wapi, tafuta kitufe cha "Reset" kinachorudisha mambo yote ya mixer kama yalivyokuwa.

7. Anzisha upya huduma za sauti. Windows na R, andika services.msc. Tafuta "Windows Audio Endpoint Builder". Ibofye kwa kitufe cha kulia, "Restart". Itakuuliza kama iianzishe upya na "Windows Audio", kwa sababu hiyo ya pili inaitegemea ya kwanza. Kubali. Zote mbili zinapaswa kuandikwa "Running", na "Startup Type" iwe "Automatic". Kama mojawapo imeandikwa "Disabled", ifungue, irudishe "Automatic", bonyeza "Apply", halafu "Start". Mara nyingi mkono wa programu za "kuongeza kasi ya kompyuta" ndio uliozima huduma hii, na kama unayo programu ya namna hiyo, iondoe.

*Onyo:* usiguse huduma nyingine kwenye orodha hiyo. Ziko nyingi, majina yake yanafanana, na ukizima isiyofaa kompyuta inaweza kukataa kuwaka vizuri.

8. Sasa ndiyo zamu ya draiva. Windows na R, andika devmgmt.msc. Fungua "Sound, video and game controllers". Unatafuta mambo matatu.

La kwanza, kifaa chenye mshale mdogo wa kuelekea chini: kimezimwa. Kibofye kwa kitufe cha kulia, "Enable device".

La pili, kifaa chenye pembetatu ya njano: draiva ina hitilafu. Kama tatizo lilianza baada ya sasisho, ifungue, nenda kichupo cha "Driver", ubonyeze "Roll Back Driver". Kitufe hicho kikiwa kimefifia, hakuna draiva ya nyuma iliyohifadhiwa. Hapo bofya kifaa kwa kitufe cha kulia, "Uninstall device", kisha washa upya kwa "Restart". Windows itakitambua kifaa na kukiwekea draiva tena. Kwenye dirisha la kuthibitisha kuna kisanduku cha kufuta na draiva yenyewe. Mara ya kwanza kiache bila tiki. Ukikiweka tiki na huna intaneti wala nakala ya draiva, unaweza kujikuta mahali pabaya kuliko ulipoanzia.

La tatu, kifaa hakipo kabisa. Angalia chini ya "System devices" na "Other devices". Laptopu za miaka ya karibuni zenye "Intel Smart Sound Technology" huhifadhi kidhibiti chao kwenye "System devices", na kikipata hitilafu huko, spika hutoweka kwenye orodha ya sauti. Anayetazama sehemu moja tu atasema kadi ya sauti imekufa.

Bado kimya? Jaribu draiva ya jumla ya Windows. Bofya kifaa cha sauti kwa kitufe cha kulia, "Update driver", "Browse my computer for drivers", "Let me pick from a list", na kama kwenye orodha kuna "High Definition Audio Device", ichague. Haina mapambo, lakini mara nyingi inarudisha sauti pale draiva ya mtengenezaji ilipogoma. Kama haimo kwenye orodha, usiilazimishe.

Ukihitaji draiva ya kupakua, pata kwanza jina halisi la mashine: Windows na R, msinfo32, soma "System Model", na kwa kompyuta ya kuunganishwa mwenyewe soma "BaseBoard Product", yaani jina la mazabodi, ile bodi kuu ya ndani ya kompyuta. Kisha nenda kwenye tovuti ya mtengenezaji wa mashine hiyo au mazabodi hiyo.

*Onyo:* usipakue zile programu zinazodai zitakutafutia na kukusasishia draiva zote kwa mbofyo mmoja. Nyingine huweka draiva isiyo ya mashine yako, nyingine hubeba takataka za matangazo. Tatizo lilikuwa moja, utabaki na matano.

9. Zima mapambo ya sauti. Kwenye Windows 11, fungua "Settings", "System", "Sound", ubofye spika zako. Weka "Audio enhancements" kuwa "Off". Hapo hapo kwenye "Format" jaribu biti 16 na 48000 Hz. Hatua hii inafaa zaidi pale sauti inapokatakata, inapokwaruza, au inapotoka sekunde moja na kupotea.

10. Ingia BIOS, yaani mipangilio ya msingi ya kompyuta inayofunguka kabla ya Windows. Fanya hivi tu kama kifaa cha sauti hakionekani popote kwenye hatua ya 8. Washa upya na ubonyeze kitufe cha kuingilia, mara nyingi ni Delete au F2. Tafuta maneno kama "HD Audio" au "Onboard Audio", hakikisha ni "Enabled". Hifadhi na utoke. Ukiona mambo mengine usiyoyaelewa, yaache kama ulivyoyakuta.

11. Hukumu ya mwisho: washa kutoka kwenye flashi. Andaa flashi ya Linux, kwa mfano Ubuntu, na uwashe kompyuta kutoka humo ukichagua kuijaribu bila kuisakinisha. Haigusi diski yako mradi usibonyeze sehemu ya kusakinisha. Chagua spika kwenye mipangilio yake ya sauti, fanya jaribio la spika. Ikisikika, vyuma vyako ni vizima na tatizo ni la Windows, na sasa ukitaka kufomati una sababu. Isiposikika hata huko, uwezekano mkubwa ni chuma, ingawa baadhi ya laptopu mpya kabisa huwa bado hazijatambuliwa vizuri na Linux. Kuandaa flashi hufuta kila kilichomo ndani yake, ndiyo maana nilisema iwe haina cha thamani.

Kwa wenye Linux na Mac

Linux: mshukiwa mkubwa ni sauti iliyozimwa chini kabisa, kwenye ALSA (sehemu ya Linux inayoendesha kadi ya sauti), wakati juu inaonekana imefunguliwa. Fungua terminali, andika alsamixer, bonyeza F6 uchague kadi. Ukiona MM chini ya "Master", "Speaker" au "Headphone", nenda hapo kwa mishale na ubonyeze m hadi igeuke 00. Ukiona "Auto-Mute Mode", jaribu kuiweka "Disabled", kwa sababu ndiyo inayozima spika pale inapodhani kuna hedifoni. Kwenye mifumo inayotumia PipeWire, huduma inayosimamia sauti, ambayo Ubuntu iliifanya ya kawaida tangu toleo la 22.10, anzisha upya huduma kwa amri hii, bila sudo:

systemctl --user restart pipewire pipewire-pulse wireplumber

Kisha wpctl status itakuonyesha vifaa, na chenye nyota ndicho kinachopokea sauti.

Mac: "System Settings", "Sound", "Output", uchague kifaa sahihi. Ikikwama, fungua Terminal uandike sudo killall coreaudiod. Huduma itajifufua yenyewe. Vitufe vya sauti vikiwa havifanyi kazi wakati umeunganisha monita kwa HDMI, si hitilafu: punguza na uongeze sauti kwenye monita yenyewe. Na kwenye Mac za zamani, ukichungulia tundu la hedifoni ukaona mwanga mwekundu, swichi ya ndani imekwama ikiamini kuna waya wa sauti wa mwanga (optical) uliochomekwa.

Dalili zinazosumbua zaidi

*Hedifoni zinasikika, spika za laptopu hazisikiki.* Ndani ya tundu la hedifoni kuna swichi au kihisi kinachoiambia kompyuta kwamba plagi imeingia. Pamba ya mfukoni, vumbi au swichi iliyochoka huifanya kompyuta iamini hedifoni ziko ndani muda wote. Zima kabisa, chungulia kwa tochi. Niliwahi kutoa humo kifundo cha nyuzi za buluu kilichoshindiliwa hadi kikawa kigumu kama punje, kwa sababu kila plagi ilipoingia ilikuwa inakisukuma ndani zaidi. Puliza kwa pampu ndogo ya hewa au tumia brashi laini kavu. Kisha ingiza na kuchomoa plagi mara kumi au kumi na tano mfululizo, swichi iliyokwama mara nyingi huachia. Usitumie pini wala sindano. Chuma kikikwaruza vibati vya ndani, tundu limekwisha.

*Tundu la mbele la kompyuta ya mezani halitoi sauti, la nyuma linatoa.* Mara nyingi waya wa tundu la mbele haujachomekwa kwenye mazabodi. Ni kiunganishi kidogo chenye maandishi kama HD AUDIO au AAFP. Zima, chomoa umeme ukutani, ukichomeke. Kina pini moja iliyofungwa ili kisiingie kinyume, kwa hiyo kikigoma kigeuze, usikisukume.

*Hedifoni za Bluetooth zimeunganishwa lakini kimya, au zinasikika kama simu mbovu.* Kwenye Windows 10 mara nyingi utaona majina mawili: moja lina neno "Stereo", jingine "Hands-Free". La muziki ni "Stereo". Programu inapofungua maikrofoni ya hedifoni hizo, sauti huhamia ile ya simu na ubora hushuka. Funga programu ya mkutano, au tumia maikrofoni nyingine. Zikiwa kimya kabisa, ziondoe kwenye orodha ya Bluetooth na uziunganishe upya, ukiwa umezima Bluetooth ya simu yako ili isizidake kwanza.

*Upande mmoja tu unasikika.* Geuza hedifoni, ya kulia iwe sikio la kushoto. Kimya kikihamia sikio la pili, tatizo si sikio lako: ni upande ule wa hedifoni, waya wake, au sauti ya upande huo kutoka kwenye kompyuta. Kabla ya kuzitupa, angalia "Balance" ya hatua ya 6 na ujaribu hedifoni nyingine.

*Muziki unashuka wenyewe ukipigiwa simu kwenye kompyuta.* Kwenye dirisha la mmsys.cpl, kichupo cha "Communications", chagua "Do nothing". Kama hujawahi kubadilisha, Windows hushusha sauti nyingine kwa asilimia 80 inapogundua mazungumzo.

*Sauti ilikuwepo, imepotea baada ya kompyuta kulala.* "Restart" kwanza. Ikijirudia kila siku, tafuta draiva mpya ya sauti na toleo jipya la BIOS kwenye tovuti ya mtengenezaji.

Ikithibitika ni chuma

Tundu au kadi ya sauti ya ndani ikiwa imekufa, huhitaji kubadilisha mazabodi. Kadi ndogo ya sauti ya USB, isiyozidi ukubwa wa flashi, ina kila kinachohitajika ndani yake. Ichomeke, Windows itaitambua yenyewe, rudi hatua ya 4 uichague, na uichomeke kwenye tundu la USB la kompyuta lenyewe kabla ya kujaribu kupitia kigawanyaji cha USB (hub). Kwa laptopu ambayo spika zake za ndani zimepasuka au waya wake umekatika, hiyo ni kazi ya fundi. Mpelekee na ile karatasi, umwonyeshe hasa mahali ulipoiona mita ya kijani ikirukaruka huku spika ziko kimya. Ataanza kufungua spika bila kukuomba ruhusa ya kufomati.